Daftari la Wenye Nguvu

Katika sanduku la bati ninamotunza vyeti vyangu vya ualimu limo kauntabuku moja kuukuu ambalo mende wamekwisha kula pembe za jalada lake. Ndani, kwa mwandiko wangu wa ujana, yamo majina ya watu wenye nguvu wa upande wetu wa kijiji cha Mchukwi, kama walivyoandikwa mwishoni mwa mwaka 1983. Safu ni tano: jina, umri, mume au mke, kazi, ekari. Hii ni nakala tu. Daftari lenyewe lilipelekwa juu. Mstari wa 41 ni wa mjomba wangu, ndugu wa mama yangu tumbo moja. Kazi: mkulima. Ekari: 2. Mstari huo ni wa uongo, na niliuandika mimi huku nikijua.

Nataka kueleza, ndugu msomaji, jinsi mstari huo ulivyopata kuandikwa na kwa nini umenikaa moyoni kwa zaidi ya miaka arobaini. Lakini siwezi kuanzia mwaka 1983, kwa sababu daftari langu halikuwa la kwanza. Katika nchi hii serikali zimewahesabu watu kwa kazi zao tangu kabla babu zetu hawajaota ndevu, na kwa hesabu hizo zimeilinganisha mikoa: huu unatoa watu wa kazi, ule unawahitaji, hawa ni wachapakazi, wale ni wavivu. Sisi watu wa pwani tulijua siku zote tumewekwa upande gani.

Hebu tuyatazame maneno yenyewe. Kibarua ni barua ndogo. Hapo kale, Unguja na mwambao wote, mtu aliyefanya kazi ya kutwa alipewa kijikaratasi cha kuchukulia ujira wake, na jina la karatasi likaihamia kazi, kisha likamhamia mtu. Leo kijana anayechimba msingi wa nyumba pale Kibiti husema anakwenda kibaruani, wala hakuna barua anayoiwaza. Kipande kilikuwa kadi ya mashamba ya mkonge. Kilikuwa na nafasi thelathini; siku uliyomaliza kazi uliyopimiwa ilitiwa alama, na mshahara haukutoka mpaka nafasi zote zijae. Siku ya homa haikuwa siku. Na manamba ni namba. Waliitwa hivyo watu wa Songea, wa Kigoma na kwingineko, waliochukuliwa kwa mkataba hadi Tanga na Morogoro kukata mkonge, kila mmoja na namba yake. Kuanzia mwaka 1944 kazi ya kuwakusanya iliendeshwa na ofisi ya wenye mashamba iliyojulikana kwa jina la SILABU. Maneno matatu ya kazi, na yote matatu chimbuko lake ni karatasi na hesabu. Mkulima peke yake ndiye aliyebaki na jina lililotoka katika tendo lake. Ndiyo maana neno hilo lilikuwa rahisi sana kulitumia vibaya, kama nilivyolitumia.

Huku kwetu Rufiji hesabu ya kazi ilianza na Wajerumani. Kodi ya nyumba ilianza kutozwa mwaka 1898, na asiyekuwa na fedha alilipa kwa mikono yake. Kuanzia mwaka 1902 yakaja mashamba ya pamba ya kila jumbe. Watu walitolewa siku kadhaa kwa mwaka kulima shamba ambalo si lao, na mapato yalipogawanywa, jumbe alipata sehemu yake, bwana mkubwa wa wilaya sehemu yake, na aliyelima akapewa kilichobaki, nacho kilikuwa kidogo mno hata wako waliokataa kukipokea. Mwezi Julai 1905 Wamatumbi waling'oa pamba kule Nandete, na vita vya Maji Maji vikaanza. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti mwaka huo huo. Mohoro ni kwetu, ng'ambo ya mto. Nilipokuwa mdogo wazee hawakuvieleza vita vile kwa kusifu mashujaa. Walieleza njaa iliyofuata, na kila walipofika hapo walishusha sauti.

Waingereza walikuwa na utaratibu zaidi. Mwaka 1926 waliunda idara ya kazi chini ya Meja Orde-Browne, ambaye alizunguka nchi akiandika watu wanatoka wapi kwenda kufanya kazi wapi, wanakula nini njiani, na wangapi wanakufa. Idara hiyo ilivunjwa mwaka 1931 uchumi wa dunia ulipoanguka. Kwa hesabu zao, mkoa mzuri ulikuwa ama ule unaozalisha mazao ya kuuza, kama Kilimanjaro na Bukoba, ama ule unaotoa manamba wengi. Rufiji haikukaa vizuri upande wowote. Wanaume wa kwetu hawakuupenda mkonge. Walikata boriti za mikoko za kuuzwa ng'ambo hadi Uarabuni, walilima mpunga, walivua, na walipotaka fedha za haraka walikwenda Dar es Salaam, ambako si mbali. Kwa hiyo tukaandikwa kuwa hatupendi kazi. Na huko Dar es Salaam mtu wa kwetu asiye na bwana wa kumwandika aliitwa mhuni. Mwaka 1944 ilitungwa sheria kabisa ya kuwaondoa mijini wenyeji walioitwa wasiotakiwa.

Hapa naomba nisimame kidogo nimwelezee bibi yangu, mzaa mama, kwa sababu kila ninaposoma takwimu za kazi namwona yeye.

Bibi alilima bondeni. Mpunga ulipandwa kwa mvua, kisha ukangojea maji ya mto. Mto ukija mapema kabla mche haujasimama, mpunga umezama, ukichelewa, umekauka, ukija kwa kiasi, mwaka ni wa kula na kusaza. Mpunga ulipoanza kutoa mashuke bibi alihamia shambani kabisa, akakaa juu ya dungu, kile kibanda cha miti kilichoinuliwa juu kuliko kimo cha mtu, pamoja na wajukuu, mimi nikiwemo. Mchana tuliamia ndege kwa kelele na kwa kombeo. Usiku zamu ilikuwa ya nguruwe na viboko, na bibi aligonga debe mpaka mkono unamfa ganzi. Maji yakishapungua, katika ule udongo mweusi wenye unyevu, alipanda mahindi na kunde za mlao, mazao ya baada ya mafuriko, ambayo hayahitaji mvua hata tone. Katikati ya hayo yote vidole vyake havikukosa ukili. Alisuka mikeka akiwa amekaa, akiwa anazungumza, akiwa anamsikiliza mgonjwa. Aliuza mikeka, akanunua chumvi na kaniki. Alikuwa mkunga vilevile, lakini huo hakuwahi kuuita kazi.

Sasa niambie, kazi ya bibi yangu ilikuwa nini? Na ilikuwa kwa saa ngapi kwa wiki? Wiki ya dungu alifanya kazi usiku na mchana. Wiki ambayo maji yamefunika bonde lote alikaa nyumbani akisuka, akiutazama mto. Ukimuuliza katika wiki ya kwanza ni mchapakazi kuliko wote duniani. Ukimuuliza katika wiki ya pili atakujibu, kama wanawake wa kwetu wanavyojibu, “Nipo tu.”

Mafuriko makubwa yalikuja mwaka 1968. Serikali ilileta chakula, na kisha ikaamua kwamba watu wasirudi bondeni bali wakae pamoja nchi ya juu, kaskazini ya mto, katika vijiji vya ujamaa. Hiyo ndiyo iliyokuwa Operesheni Rufiji. Ilitangulia ile ya nchi nzima kwa miaka kadhaa, na sisi ndio tuliojaribiwa kwanza. Sitaki kusema kwamba yote yalikuwa mabaya. Nilipata shule karibu, na bila shule hiyo nisingekuwa mwalimu. Zahanati ilikuwa jirani. Lakini shamba la bibi lilibaki mwendo wa siku nzima, na mikorosho ya babu ilibaki peke yake ikafunikwa na pori. Mambo kama haya yalitokea pwani yote ya kusini. Korosho za Tanzania katika msimu wa 1973/74 zilizidi tani 140,000. Kufikia msimu wa 1986/87 zilikuwa chini ya tani 20,000. Wataalamu wanataja sababu nyingi, bei ndogo, ugonjwa wa ubwiri, ucheleweshaji wa malipo. Mimi nataja na hii ya umbali, kwa sababu niliitembea.

Mjomba hakuivumilia. Mwaka 1972 alikwenda Dar es Salaam na kununua baiskeli kwa mtu. Akawa muuza madafu. Alfajiri aliyapokea kutoka kwa malori, akayapanga ubavuni na nyuma ya baiskeli, akazunguka nayo mpaka jua linapokuchwa. Kila mwezi mpunga ulipokosekana, tuliishi kwa madafu ya mjomba. Karo yangu haikuwepo wakati ule, lakini sare, daftari na nauli ya chuo cha ualimu vilitoka katika baiskeli ile. Alikuwa akiniita mjomba nami nikimwita mjomba, kama desturi yetu ilivyo, na alikuwa akipenda kusema kwamba kati ya wajomba wawili lazima mmoja awe na akili.

Ukaja mwaka 1983. Wasomaji wenye umri wangu wanaukumbuka: vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha, mfuko hauna kitu, duka halina sabuni, na Edward Sokoine, Waziri Mkuu, alikuwa akipambana na walanguzi na wahujumu. Ni mwaka huohuo daladala za watu binafsi ziliporuhusiwa Dar es Salaam, kwa sababu mabasi ya shirika hayakutosha. Bunge likapitisha Sheria ya Nguvukazi. Sheria ilisema kila mtu mwenye nguvu afanye kazi ya uzalishaji mali, na kila mamlaka ya mahali iwe na orodha ya waajiri na ya watu wenye nguvu. Mjini, mtu aonyeshe kitambulisho cha kazi. Asiyekuwa nacho alikamatwa na kurudishwa kwao, au kupelekwa mashambani.

Sheria hii ilikuwa na wazo ambalo sikulidharau wakati ule na silidharau sasa. Nchi ilikuwa na njaa. Kama ardhi ipo na watu wapo, kwa nini wasikutane? Kosa lake, kwa maoni yangu, lilikuwa katika kupima. Kazi ilikuwa ni ile yenye mwajiri au yenye ekari. Aliyeajiriwa alikuwa na karatasi, aliyelima alikuwa na ekari, na muuza madafu aliyewanywesha wote wawili hakuwa na kitu cha kuonyesha. Mtu yuleyule, na mikono ileile, alikuwa mzururaji akiwa Dar es Salaam na nguvu kazi ya taifa akiwa Mchukwi, ingawa Mchukwi hakuwa na kazi na Dar es Salaam alikuwa nayo.

Mimi nilikuwa mwalimu kijana, mwenye mwandiko mzuri, na niliwahi kuwa karani wa sensa ya mwaka 1978. Kwa hiyo nilipoombwa kusaidia kuandika orodha ya upande wetu niliona ni heshima. Nilitembea na mabalozi wa nyumba kumi, nyumba hadi nyumba, jioni baada ya vipindi. Wanaume wengi walikuwa “wamesafiri”. Wazee walipunguza umri wa vijana wao wawe watoto na kuongeza umri wao wenyewe wawe vikongwe, maana kila mtu aliamini kwamba orodha huzaa kodi au huzaa jeshi. Kila aliyebaki nilimwandika mkulima. Ekari hatukuzipima. Nilimuuliza mtu, naye aliangalia uso wangu ili ajue jibu gani litaniridhisha, na kwa kuwa ilisemekana serikali inataka kila mwenye nguvu awe na ekari mbili, ekari mbili ndizo nilizozisikia, nyumba baada ya nyumba. Wanawake walinipa tabu ya namna nyingine. Waume zao waliwajibia: “Huyo mama wa nyumbani, mwalimu, usimwandike.” Bibi alikuwa na umri uliozidi, hivyo hakuandikwa kabisa. Siku nilipofika kwake alikuwa ametoka bondeni na tita la kuni kichwani.

Mjomba aliletwa kwa lori mwezi Novemba, pamoja na vijana wengine wa tarafa yetu. Baiskeli ilibaki mjini kwa rafiki, asiionekane tena. Alishuka na shati moja.

“Shikamoo mjomba.”

“Marahaba, mjomba. Nasikia wewe ndiye mwenye daftari.”

Alihitaji kuandikwa. Waliorudishwa walikuwa wakifuatiliwa kama wana mashamba, na asiye na shamba angehesabiwa ni mzururaji hata kijijini kwao. Mjomba hakuwa na shamba. Mikorosho ya babu ilikuwa msituni, na bondeni alikuwa hajashika jembe kwa miaka kumi na mmoja. Usiku ule, kwa taa ya kibatari, nilimwandika: mkulima, ekari 2. Nilimpa na karatasi yenye muhuri ya kuthibitisha. Aliisoma akacheka, akasema, “Ekari zangu ziko wapi, nizifahamu?” Nikacheka na mimi. Nilidhani nimemwokoa.

Nilipofanya jumla mwishoni, safu ya kazi ya upande wetu wote ilikuwa na wakulima, mafundi wawili, muuguzi mmoja, na walimu. Asiye na kazi hakuwepo hata mmoja. Nilijisikia vizuri. Baadaye nilizungumza na walimu wa vijiji vingine waliofanya kazi kama yangu, nao jumla zao zilikuwa hivyo hivyo. Ukiweka orodha zetu zote pamoja na kuzilinganisha na zile za Dar es Salaam, ungesema Rufiji ni nchi ya neema, kila mtu ana kazi na kila mtu ana ekari mbili, na taabu zote ziko mjini. Basi kwa nini vijana wetu walikuwa wakikimbilia kwenye taabu? Hilo daftari halikuwa na safu yake.

Nilipostaafu nilipata nafasi ya kusoma jinsi mambo haya yanavyofanyika duniani, na nilishangaa kuona daftari langu lina ndugu wengi. Mwaka 1982, mwaka mmoja tu kabla ya Nguvukazi, wataalamu wa takwimu za kazi walikutana Geneva wakakubaliana nani aitwe hana kazi: ni yule ambaye katika wiki inayoulizwa hakufanya kazi hata saa moja, yuko tayari kufanya, na amekwenda kuitafuta. Kwa kipimo cha namna hiyo, utafiti wa nguvu kazi wa Tanzania Bara wa mwaka 1990/91 ulikuta wasio na kazi ni 3.6 tu katika kila 100. Ule wa mwaka 2000/01 ulikuta 5.1. Watakwimu wetu wenyewe, na hapa nawavulia kofia, waliona kuna jambo haliko sawa. Ni nani atakwenda kutafuta kazi Mchukwi, na ataitafuta kwa nani? Wakatengeneza tafsiri ya kitaifa, inayomhesabu pia mtu aliye tayari kufanya kazi ila amekata tamaa ya kuitafuta, na yule ambaye kijikazi chake ni cha kubahatisha mno. Watu walewale, mwaka uleule, majibu yaleyale: idadi ikapanda kutoka 5.1 hadi 12.9. Kwa Dar es Salaam ilikuwa zaidi ya 40 katika kila 100. Vijijini haikufika 10.

Wazungu nao wana mashindano yao. Viongozi wa nchi za Umoja wa Ulaya walikutana Luxembourg mwezi Novemba 1997 wakakubaliana kwamba kila mwaka kila nchi itaeleza inafanya nini kuhusu ajira, na zitalinganishwa. Mwaka 2000, huko Lisbon, walijiwekea lengo la kuwa na watu 70 walio kazini katika kila 100 ifikapo mwaka 2010, hawakulifikia. Hulinganisha hata mkoa kwa mkoa, Bavaria ya Ujerumani juu, Calabria ya kusini mwa Italia chini. Sasa chukua kipimo hicho ukilete kwetu. Utafiti wa mwaka 2014 ulionyesha kwamba zaidi ya Watanzania 80 katika kila 100 wenye umri wa kufanya kazi walikuwa wakifanya kazi au wakiitafuta, na wengi mno wa hao walihesabiwa kuwa wamo kazini. Kwa mashindano ya Lisbon, Rufiji ingepata kikombe. Sababu si ngumu. Kule asiye na kazi hupewa posho ya kumsukuma, hivyo anaweza kuwa hana kazi. Huku hakuna mwenye uwezo wa kukosa kazi. Atauza mhogo wa kuchoma, atasuka, atachoma mkaa, na karani akija atamkuta anafanya kitu, zaidi ya saa moja. Kipimo kilichotengenezwa kuonyesha mahali shida ilipo, kikivuka bahari, kinaificha.

Na hakiifichi kwetu peke yetu. Nadhani yuko mwanamke wa Calabria, anayeokota zeituni za ndugu zake na kuuguza wazazi wake, ambaye karani wake naye amemwandika mama wa nyumbani. Mwaka 2013 wataalamu walikutana tena Geneva wakabadili: mtu anayelima chakula cha kula nyumbani kwake anafanya kazi, wakasema, lakini hahesabiwi kuwa ana ajira. Kwa hiyo bibi yangu, ambaye mwaka 1983 hakuandikwa kwa uzee, angekuwa hai angeandikwa kwamba anafanya kazi bila ya kuwa na ajira. Jambo hili limenichekesha mara nyingi, kwa kuwa ndivyo hasa angejieleza mwenyewe.

Narudi kwa mjomba. Masika ya mwaka 1984 alirudi mjini kwa miguu na kwa malori, akaanza upya na baiskeli ya kukodi. Baadaye ile sheria ya Nguvukazi yenyewe ilimpa nafuu, maana zilitolewa leseni ndogo za wafanyabiashara wadogo, nazo watu wakaziita nguvu kazi. “Una nguvu kazi?” maana yake una leseni? Tazama neno lilivyosafiri, hata nalo likawa karatasi. Lakini mwaka huo huo wa 1984 halmashauri za wilaya zilirudishwa, na kodi ya maendeleo ikaja nazo. Orodha za kuanzia zilipatikana wapi? Mtu mwenye nguvu, mkazi wa Mchukwi, mkulima wa ekari mbili, alitakiwa kulipa Mchukwi. Mjini naye alitakiwa kulipa mjini. Mjomba alilipa mjini. Huku deni lake liliandikwa mwaka wa kwanza, likaandikwa wa pili, likaandikwa wa tatu.

Bibi alifariki mwaka 1987, mwezi wa mavuno. Tulimpelekea mjomba habari kwa dereva wa lori. Angeweza kufika alasiri ile ya maziko. Alipofika karibu alisikia kwamba kuna kizuizi barabarani na mgambo wanadai risiti za kodi, na wenye majina kwenye orodha wanawekwa ndani mpaka ndugu walipe. Akashuka, akaingia msituni, akangoja giza. Alitokea nyumbani baada ya isha, na miguu yake imechanwa na miiba. Mama yake alikuwa amekwisha zikwa. Alikaa kwenye mkeka, katikati ya wafiwa, akaniuliza kwa sauti ya chini, wala si kwa hasira, “Mjomba, zile ekari zangu bado zipo?”

Sikuwa na la kumjibu. Mjomba mwenyewe alifariki mwaka 1999 huko huko mjini. Kodi ya maendeleo ilifutwa mwaka 2003, mwaka uleule daraja la Mkapa lilipofunguliwa na kivuko cha Ndundu kikapumzika. Wilaya yetu imegawanywa, sasa sisi ni Kibiti. Mwezi Agosti 2022 karani wa sensa, binti wa jirani, alikuja na kishikwambi, akamuuliza mke wangu kazi yake. Mke wangu alitaja minne, mpunga, mihogo, mikeka na maandazi ya asubuhi. Binti alitabasamu akasema, “Bibi, nichagulie mmoja.” Baada ya sensa vile vishikwambi viligawiwa walimu, na mjukuu wangu anayefundisha amepata kimoja. Nilimwomba anionyeshe mstari wa bibi yake. Akaniambia haumo tena, umeshakwenda.

Mimi nakala yangu ninayo. Mwaka jana niliitoa kwenye sanduku, nikachukua kalamu nyekundu, ile niliyokuwa nikisahihishia madaftari ya watoto, nikaikata ile 2 katika mstari wa 41. Mbele ya neno mkulima kulikuwa na nafasi kidogo. Nikaandika: madafu, baiskeli, Dar es Salaam, miaka kumi na mmoja, aliwasomesha wengine. Herufi za mwisho hazikuenea katika safu, ikabidi nizipandishe ukingoni.